Siku Tulipofungua Mipaka ya Mto

Mchanga mbichi una harufu yake, na mtu ambaye hajawahi kuingiza kichwa ndani ya shimo la mtoni hawezi kuijua. Si harufu ya mvua. Ile ya mvua kila mtu anaijua, na insha zote za shule zinaanza nayo. Hii ya mchanga ni harufu ya baridi, kama sufuria iliyooshwa ikaachwa kivulini, na inakupata puani kabla hujayaona maji yenyewe. Niliinusa karibu kila siku mwaka niliokuwa darasa la nne, kwa sababu mto wetu, ule unaopita bondeni chini ya Gachoka, kwetu Mbeere, ni mto wenye madharau. Unakuja na maji majira ya mvua tu, unavunja kivuko, unabeba kuku wa watu, halafu unaenda zake bila kuaga. Miezi mingine yote ni mchanga mtupu, mweupe, mpana, na mgeni anaweza kusimama katikati yake akauliza mto uko wapi. Maji yapo, lakini yamelala chini, na ukiyataka unayafuata huko huko kwa jembe.

Kila familia ilikuwa na shimo lake. Ulichimba pale alipochimba mama yako, ambaye alichimba pale alipochimba mama mkwe wake, na shimo ukalizungushia matawi ya miiba ili mbuzi na punda wasiingie. Kuteka kwenye shimo la mtu ilikuwa lazima uombe. Ukiomba hunyimwi, hata kama mlitukanana asubuhi. Usipoomba, hata kikombe kimoja, umeanzisha kesi ambayo wajukuu zako watairithi. Hakuna aliyetufundisha haya darasani. Tulizaliwa tukayakuta, kama tulivyoikuta miiba yenyewe.

Nilikuwa naishi na babu na nyanya, yaani guka na cucu, kwa sababu mama alikuwa anafanya kazi Meru mjini. Guka alikuwa na redio. Sisemi alikuwa na redio kama watu wengine wanavyokuwa na redio. Alikuwa nayo kama askofu anavyokuwa na kofia. Ilifunikwa kitambaa alichofuma cucu, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa guka kwa ajili ya kusikiliza na mimi kwa ajili ya betri. Betri zikichoka, guka aliziuma kidogo kwa meno yake ya nyuma, kisha akanituma nipande kwenye paa la kibanda cha kuku nizianike juani. Nikishuka nazo za moto, alizirudisha ndani, akafunga macho, na Afrika nzima ikaingia nyumbani kwetu kwa taarifa ya saa saba mchana. Nilisimama mlangoni nikasikiliza, kisha nikakimbia mtoni, maana wenzangu waliokuwa wakichunga mbuzi walinisubiri kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Mchezo wetu ulikuwa hivi. Kila mtoto alichagua nchi moja ya Afrika na kuwa nchi hiyo likizo nzima. Nchi yako ikitajwa redioni kwa jambo zuri, ulibebwa mgongoni kutoka kwenye migunga hadi katikati ya mto huku ukipunga mkono. Ikitajwa kwa njaa, wenzako walikupa githeri yao, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Ikipinduliwa serikali, pole sana, wewe ndiye uliyeingia shimoni siku hiyo kuteka maji ya mbuzi wa bara zima. Wawira, ambaye alikuwa mkubwa kutushinda na aliyezaliwa akitoa amri, alikuwa Misri. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Misri wana mto wenye maji. Ninyi chagueni mchanga." Njiru, rafiki yangu wa dawati moja, alichagua nchi ambayo sitaitaja hapa kwa sababu wananchi wake hawajanikosea kitu. Aliipenda bendera yake. Masikini, hakujua. Nchi hiyo ilipinduliwa, ikatulia, ikakaribia kupinduliwa tena, na kila nikitokea mbio kutoka kwa guka, Njiru alikuwa ameshavua viatu.

"Wewe Marigu, niambie ukweli," aliniambia siku moja akiwa shimoni, kichwa tu kikionekana. "Hizo habari unazitoa kwa redio ama kwa tumbo lako?"

"Muulize guka."

"Nitamuuliza vipi na yeye haongei na watu wa kwetu?"

Mimi nilichagua Botswana. Nilidhani nimekuwa mjanja sana, kwa kuwa redio haikuwahi kuitaja. Hakuna aliyepinduliwa huko, hakuna aliyelala njaa, hakuna hata waziri aliyeanguka kwenye ngazi. Sikuingia shimoni hata mara moja. Lakini pia sikubebwa mgongoni, na githeri ya mtu sikuionja. Likizo nzima nilikuwa nchi yenye amani na njaa ya saa tisa. Hapo ndipo nilipoanza kuwashuku watu wa taarifa ya habari. Niliona kwamba wana jicho moja tu, na jicho hilo linaangalia moshi.

Sasa, kuhusu guka na watu wa kina Njiru. Babu yake Njiru, Mzee Mbogo, alikuwa na shimo lililopakana na letu, na alikuwa na punda. Miaka ya nyuma kabla sijaanza shule, punda huyo alisukuma miiba ya shimo letu akanywa maji. Guka alisema punda hakuomba. Mzee Mbogo alijibu kwamba punda haombi, ni punda. Guka akasema basi mwenye punda angeomba msamaha kwa niaba yake. Ikaishia hapo, yaani haikuisha. Wazee wale wawili waliketi benchi moja kanisani, wakapokezana sahani ya sadaka, na hawakuongea. Wakikutana mtoni waliongea kupitia sisi. Guka alisema kwa sauti ambayo hata ng'ambo walisikia, "Marigu, mwambie huyo babu ya rafiki yako kwamba mbuzi wake mwekundu anachechemea." Mzee Mbogo, akiwa amesimama hapo hapo, alimgeukia Njiru: "Mwambie huyo msichana amwambie guka yake kwamba nimeona." Nasi tulikuwa tukiwasilisha ujumbe kwa uaminifu, neno kwa neno, pamoja na kikohozi.

Agosti hiyo jua lilikaza. Mashimo yaliingia chini zaidi, na kadiri yalivyoingia ndivyo kingo zilivyokuwa zikiporomoka, maana shimo jembamba la mchanga halina uvumilivu. Cucu aliamka mapema kuliko kawaida na kurudi na mtungi nusu. Kisha yakaanza yale mazungumzo ambayo watoto hawaambiwi lakini wanayasikia. Njiru alisikia kwao kwamba mifugo itapelekwa kwa ndugu zao wanaoishi karibu na bwawa kubwa huko Tana, na yeye na nduguze wangeenda nayo na kusomea huko. Kwao Wawira walikuwa wanafikiria hivyo hivyo. Guka alisema akiishiwa na maji atauza mbuzi wote isipokuwa mmoja, na mimi nitapelekwa Meru mjini kwa mama, kwenye chumba chake cha kupanga ambapo mwenye nyumba alikataza watoto kukimbia, kuimba na, kwa jinsi nilivyoelewa mimi, kupumua. Tulikaa chini ya migunga tukahesabu nani angebaki. Hakubaki mtu. Afrika yetu yote ilikuwa inatawanyika kabla shule hazijafunguliwa, na hata Misri, ambaye hakuwahi kulia mbele yetu, aliomba ruhusa aende kuangalia mbuzi ambao walikuwa wamelala hapo hapo mbele yake.

Katika hali hiyo ndipo redio ilipotoa habari ambayo sijawahi kuisahau. Viongozi wa Afrika walikuwa wamekutana mahali fulani penye kiyoyozi na kukubaliana kwamba mipaka ifunguliwe, vitu vipite kutoka nchi hadi nchi bila kuzuiwa, bara liwe kitu kimoja. Msomaji wa habari alikuwa anaanza kueleza itakuwaje, lini na kwa masharti gani, betri zikaanza kuchoka. Sauti ikavutika kama ya mtu anayesinzia, ikawa nzito, ikazimika. Guka akatoa betri aziume. Mimi sikusubiri. Habari nilikuwa nimeshaipata, na nilishuka bondeni kwa mbio ambazo siku za michezo shuleni sikuwahi kuzifikia.

"Mipaka imefunguliwa!" nilipiga kelele nikiwa bado juu ya ukingo. "Yote! Afrika ni moja!"

Wawira alisimama. Aliangalia mto kuanzia juu hadi chini, shimo baada ya shimo, kila moja na ua lake la miiba. Nikaona wazo likimwingia, na wazo likiingia kwa Wawira huwa halina mlango wa kutokea.

"Mpaka ni nini?" aliuliza.

"Ni kitu cha kuzuia watu," akasema Njiru.

"Basi si ni hii?"

Nataka mnielewe. Hatukuwa tunaharibu. Hatukuwa hata tunacheza tena. Tulikuwa tunatekeleza azimio. Tulishika matawi kwa vijiti vyenye panda, tukayavuta, tukaimba, tukachomwa, tukalambana vidole vyenye damu, tukaendelea. Ua la kina Wawira lilitoka kwanza, kwa kuwa kiongozi ni mfano. Kisha la kwetu, la kina Njiru, la mwalimu mkuu, la mama wa kwaya, mpaka miiba yote ikawa rundo moja kubwa kando ya mto. Mto ukawa wazi. Nakuambia ulikuwa unapendeza. Tulisimama tukauangalia, na kwa muda wa kama pumzi moja Afrika ilikuwa moja kweli.

Halafu mbuzi wakaamka.

Mbuzi wa Mbeere si mnyama wa kuelezewa mambo. Walishuka wote kwa pamoja, wa kila familia, wakaingia mashimo yote kwa wakati mmoja, na nyuma yao wakafuata punda. Kingo zikaporomoka. Mbuzi akiona amezama anapiga mateke, na akipiga mateke mchanga unaingia zaidi. Tulikimbia huku na huko tukiwavuta mikia. Njiru alimkumbatia beberu shingoni, wakabingirika wote wawili. Tulipowatoa wa mwisho, hapakuwa na shimo hata moja. Kulikuwa na mchanga uliokanyagwa, samadi ya mchanganyiko wa Afrika nzima, na mbuzi wenye kiu waliokuwa wakituangalia kama wapiga kura.

Cucu ndiye aliyefika kwanza na mtungi wake. Aliuweka chini polepole. Hakupiga kelele, na hilo lilitutisha kuliko kelele. Baadaye walikuja wengine, wakaja wengi, na kelele zikapatikana za kutosha. Mama yake Wawira alikuwa ameshavunja kijiti cha kutuchapia.

"Nani amewaambia mfanye hivi?"

Wawira alinyoosha shingo. "Redio imesema mipaka ifunguliwe."

"Redio gani?"

Hapo watu wote, kwa pamoja, waligeuka wakamwangalia guka, ambaye alikuwa anateremka ukingo na redio yake kwapani, akija kuona kilio ni cha nini. Mzee Mbogo alikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote. Alitafuta mtoto wa kumtuma, akatukuta sote tumejificha nyuma ya cucu, akashindwa kuvumilia.

"Wewe mzee! Hiyo redio yako imetumaliza!"

"Redio haikumwambia mtu ang'oe miiba!" guka akajibu. "Na huyo punda wako, hebu niulize, alikuwa wa ngapi kuingia?"

"Punda wangu aliingia wa mwisho! Uliza watoto!"

"Wa mwisho leo. Ile siku nyingine je?"

"Ile siku alikuwa na kiu!"

"Sasa si ungesema hivyo mapema!"

Wakatazamana wote wawili, midomo wazi, kama watu waliotoka nje bila suruali. Nilihisi Njiru akinikanyaga mguu. Walikuwa wameongea, tena kwa kupigana makelele, uso kwa uso, bila sisi. Cucu ndiye aliyecheka kwanza. Alijaribu kukihifadhi kicheko ndani ya leso, kikamtoka puani, na mama yake Wawira akaangusha kile kijiti.

Lakini kicheko hakinyweshi mbuzi. Ilibidi wachimbe, na hapo ndipo walipogundua kwamba hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika shimo lake lilikuwa wapi. Mbuzi walikuwa wamesawazisha kila kitu. Watu wawili walianza kubishana juu ya pahali pamoja. Cucu akasema yeye mgongo wake hauna muda wa ubishi, kwamba mchanga ni mzito zaidi kwa unyevu pale kwenye kona penye mwamba, na anayetaka maji amfuate. Akaenda. Watu wakamfuata, kwanza kwa shingo upande, baadaye kwa majembe. Walichimba shimo moja pana, na kwa kuwa lilikuwa pana kingo zake hazikuporomoka. Walikata ngazi upande mmoja. Sisi tulipanga mstari, tukapokezana makarai ya mchanga kutoka mikononi mwa wakubwa hadi mbali. Guka alikuwa ndani ya shimo amekunja suruali, Mzee Mbogo mbele yake, na hawakunyamaza hata kidogo. Walikuwa na habari za miaka mingi za kuambiana: nani alikufa, nani alioa vibaya, ng'ombe gani alizaa pacha. Walibishana kuhusu kila jambo na wakakubaliana kuhusu bei ya ndengu sokoni tu, kwamba ni ya wizi.

Kabla jua halijazama maji yakatokea. Kwanza ile harufu, kisha mchanga ukawa mweusi, kisha ukaanza kung'aa chini ya miguu ya guka. Mtu alipiga kigelegele. Mama wa kwaya alianza wimbo kwa sauti ya juu mno, kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyemlaumu. Tulirushiana matope. Mwalimu mkuu, ambaye shuleni hakuwahi kutuonyesha meno, alipakwa tope kwenye upara na mtu ambaye mpaka leo hajakamatwa, ingawa sote tunajua ni Misri. Na katikati ya vurugu hiyo redio, iliyowekwa juu ya mwamba ikiwa na betri zilizopata nguvu za jua la jioni, ikafufuka yenyewe na kusema kwamba wakazi wa Mbeere, sehemu kame za Embu, wanataabika kwa ukame na hali yao ni ya kuhuzunisha.

Tukaacha kurushiana matope. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina letu redioni. Mzee Mbogo, tope mpaka masikioni, kikombe cha maji mkononi, alimwangalia guka.

"Kumbe tuko na shida hivyo?"

Nadhani nilicheka mpaka nikakaa chini. Ukame ulikuwepo, redio haikusema uongo. Lakini ilikuwa imetutazama kutoka mbali mno, haikuweza kusikia wimbo.

Adhabu tulipata, msidhani. Tuliyarudisha matawi yote kuzungushia lile shimo kubwa, na zamu ya kuwazuia punda ikawa yetu mpaka shule zifunguliwe. Lakini shimo lilitosha. Wakubwa walipanga zamu za kuteka, na mtu hakuomba tena, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwomba. Mbuzi hawakupelekwa Tana. Wa guka hawakuuzwa. Njiru alibaki kwenye dawati letu, na kila mara nchi yake ilipopinduliwa aliingia shimoni kwa kushuka ngazi, kama mtu mwenye cheo. Mvua iliponyesha mto ulikuja na kelele zake ukajaza shimo lote kwa mchanga mpya, na hakuna aliyelia. Ukame uliofuata walienda moja kwa moja kwenye kona ya mwamba, wote, wakichekana njiani.

Sasa niko kidato cha tatu, kwenye shule ya bweni huko juu Meru, mahali pa baridi penye majani ya chai na wasichana kutoka Muthara wanaoniuliza kama kwetu tunakunywa vumbi. Nawaambia ndiyo, na tunaweka sukari. Wikendi tunapoiiba simu ya mpishi tunasoma habari za Afrika, na ni zile zile: moshi, moshi, mtu ameng'ang'ania kiti, moshi. Kwenye mdahalo wa muhula uliopita hoja ilikuwa kama bara hili lina matumaini. Upande wa kupinga walikuja na habari nyingi, nasi wa kuunga mkono tukaja na heshima na tabasamu. Tulishindwa vibaya. Ningeweza kuwaeleza kuhusu mto, lakini kengele ililia, na kusema kweli hata ningekuwa na muda majaji hawatoi alama kwa tope. Wakati ule nilidhani kuungana ni kitu kinachotangazwa kisha kikafanyika kabla ya saa kumi. Siku hizi najua viongozi wetu wanaweza kutangaza kitu kimoja mpaka betri za dunia ziishe. Ninachojua pia, na hiki sikukisoma popote, ni jinsi watu wanavyokuwa wakiwa na kiu na jembe na hakuna wa kumwomba.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani. Wawira anasomea ususi Embu mjini na wateja wake hawaruhusiwi kuchagua mtindo. Njiru amerefuka vibaya. Sote watatu tulishuka mtoni kuangalia kizazi kipya cha wachungaji, na kumbe nao wamegawana nchi. Habari wanazitoa kwenye simu ya shangazi ya mtu. Binamu yangu Nyaga, ambaye hana hata meno ya mbele, alikuwa amekaa pembeni amekunja mikono, amewagomea wenzake. Walikuwa wamempa nchi tatu nzuri akazikataa zote.

"Sasa wewe unataka kuwa nchi gani?" nikamuuliza.

"Gachoka."

"Gachoka si nchi, Nyaga."

Aliniangalia kama vile mimi ndiye mtoto.

"Bado," akasema.